Kuponywa na Kupona

Juma hili tuulizane swali moja. Mtu ametoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, kanisa limemwombea, na bado kidonda chake kimevimba. Je, amepona au hajapona? Akisimama mbele aseme "nimepona," amesema kweli, au ametufurahisha tu?

Swali hili liko karibu nasi. Hospitali ya Tenwek, hapo kwa jirani zetu Bomet, hufungua mioyo ya watu, wengi wao vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa iliyoanzia kwenye koo lililouma utotoni bila kutibiwa.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Mfupa wa kati wa kifua hukatwa kwa msumeno. Moyo husimamishwa, mashine ikisukuma damu. Vali ikishatengenezwa au kubadilishwa, mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Ngozi hushikana kwa wiki mbili tatu, lakini mfupa huhitaji wiki 6 hadi 8 ndio uanze kushika vizuri, na kama miezi 3 ndio uwe imara. Mara nyingi kinundu hutokea juu ya mshono, karibu na koo. Kinatisha, lakini kwa kawaida hushuka polepole. Ni mwili unajijenga. Si dhambi iliyofichwa, wala si imani haba.

Neno la Mungu halituachi gizani. Katika 2 Wafalme 20, Hezekia aliahidiwa uponyaji na kuongezewa miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imetoka kwa Mungu mwenyewe, na dawa ikapakwa! Tena katika Mambo ya Walawi 13, kuhani anayeonyeshwa alama ya ngozi asiyo na hakika nayo hakemei wala hatangazi. Anangoja siku 7, anaangalia tena, na ikibidi anangoja 7 nyingine. Kungoja ilikuwa kazi ya kuhani.

Sasa tuseme ukweli. Kwa nini sisi hatungoji? Nadhani ni kwa sababu tulichanga. Tulifanya harambee, tukatoa, na sasa tunataka kuona matokeo. Nilisomea biashara, kwa hivyo naijua hesabu hiyo: mwenye hisa hutazamia kupata faida kwa fedha alizoweka. Lakini sadaka si hisa. Yule mama hatudai kitu, na sisi hatumdai ushuhuda. Tukimfanya aharakishe kuonekana mzima ili sisi tujisikie vizuri, tumemgeuza kuwa bango la matangazo.

Na hasara yake ni ya mwili kabisa. Mgonjwa huambiwa asiinue zaidi ya kilo 5 hivi. Debe la maji ni mara nne ya hapo, na mkungu wa ndizi je? Mama mkwe akisema "si uliombewa?" akambebesha kikapu cha majani chai, huo mfupa unaweza kuachana. Sisi wahudumu pia: tusimsukume tukimwekea mikono, tusimvute mkono kumwinua. Wengi waliowekewa vali ya bandia hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, wengine kwa maisha yao yote. Kumwambia mtu aitupe ili athibitishe imani ni kumjaribu Bwana kwa kutumia damu ya mwingine.

Lakini pia tusijifiche nyuma ya kungoja. Kidonda kikitoa usaha, wekundu ukienea, homa ikipanda, au mfupa ukicheza na kugonga anapokohoa, hapo si pa kusubiri ibada ya Jumapili. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na maombi yaende naye kwenye gari.

Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Kuponywa ni jambo unalotendewa na mwingine, laweza kutokea saa moja. Kupona ni mwendo wa mwili wako, siku baada ya siku. Basi ndugu aliyevimba kifua anaweza kusimama na kusema, "Nimeponywa, na bado naendelea kupona." Huo ni ushuhuda kamili. Haujapunguza utukufu wa Mungu, na haujaongeza uongo.

Nasi tuitikie Amina, halafu mmoja wetu aende akamchotee maji.