Kuamini Kabla ya Kuwa na Hakika

Mkulima wa Milola anapofikisha ufuta wake kwenye chama cha msingi, gunia linapimwa, anaandikiwa stakabadhi, na anarudi nyumbani bila senti. Bei itajulikana mnadani, fedha zitafuata. Ukimuuliza kama ana hakika na bei hiyo atakucheka, maana hana. Lakini ufuta keshauacha ghalani. Ndivyo ninavyoelewa kuamini: mtu hukabidhi kwanza, na hakika, kama ipo, huja baadaye.

Tukielewa kuamini hivyo, Vita vya Maji Maji vinasomeka vingine. Vilianza Julai 1905 huko Umatumbi na haukupita muda Wamwera wa Lindi nao wakaingia. Tumezoea kusimuliwa kwamba wapiganaji waliamini dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ingegeuza risasi kuwa maji, kisha tunawahurumia kama watu waliodanganyika. Lakini Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Mwisho wa mwezi huohuo bunduki za rashasha ziliwafyeka washambuliaji Mahenge. Vita viliendelea hadi 1907. Imani ile ingekuwa dai kuhusu risasi tu, maiti wa mwanzo wangeimaliza. Waliokunywa maji yale walikuwa wamejikabidhi wao kwa wao, Wamatumbi, Wangindo na Wamwera, watu wasio na mtawala mmoja wa kuwaita vitani. Kuna atakayesema kwamba dai lilinusuriwa kwa visingizio: fulani kavunja mwiko, ndiyo maana kapigwa. Sawa, lakini kisingizio hicho hutafutwa na mtu ambaye tayari hataki kuwaacha wenzake.

Pingamizi zito zaidi linatoka msikitini. Wanazuoni wa Kiashari, ambao Mashafii wengi wa pwani yetu huwafuata katika itikadi, husema kiini cha imani ni kusadiki kwa moyo, na matendo ni ukamilifu wake. Sioni kwamba hilo linanivunjia hoja. Kusadiki kwao si kujua tu: kuna aliyejua kwamba Mtume ni mkweli na bado akakataa kumfuata, naye hawamwiti muumini. Moyo lazima ukubali, na kukubali huko ndiko kukabidhi ninakokusema.

Linabaki swali la uongo. Kama kuamini ni kujikabidhi, je, ukweli hauna kazi? Unayo, na mzigo wake humwelemea zaidi anayepokea amana kuliko anayeitoa. Mkulima halaumiwi mizani ikichezewa. Hulaumiwa mwenye mizani. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, Kinjeketile, ndiye Kinjikitile wa jukwaani, anakataa mwishoni kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, asije akawafundisha watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Wengi humsifu kwa hilo. Mimi namsifu nusu: waliojikabidhi hawakukosea, lakini aliyekabidhiwa alikuwa na deni la kusema kweli mapema, kabla ya vita.