Jina na Mahali Pake

Wanazuoni wa kale walipoulizwa dhuluma ni nini, walijibu kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Na tangu niifahamu fasili hiyo nimejiuliza mara nyingi kama ua nalo, lisilo na ulimi wa kushitaki, laweza kudhulumiwa kwa jina.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyejitwika kazi ya kuipa mimea yote majina, aliandika jina la Amaryllis, na chini yake yakaja kukusanywa maua ya nchi zisizojuana: lile la Rasi ya Tumaini Jema, na yale ya Brazili, Peru na visiwa vya Karibi. Kwa sura hudhaniwa ndugu: tunguu ardhini, bua refu lisilo jani, na kileleni maua mfano wa tarumbeta. Lakini likate kwa kisu bua la ua la Rasi, utaona limejaa nyama hata katikati. Likate la Amerika, utaona uwazi kama wa mwanzi. William Herbert, kasisi wa Kiingereza, aliyatenga ya Amerika mwaka 1821 akayaita Hippeastrum, yaani nyota ya mpanda farasi. Walakini ubishi juu ya ua alilolikusudia Linnaeus haukukatwa mpaka wataalamu wa mimea walipokutana Berlin mwaka 1987, wakahukumu kuwa jina la kale ni milki ya ua la Rasi.

Atasema mtu kuwa ua halikupungukiwa na kitu. Nami nasema lilipungukiwa, kwani ua la Rasi hunywa mvua za kipupwe na kulala kiangazi kikavu, hali ndugu wengi wa Amerika hukua kwa mvua za majira ya joto. Basi mtunza bustani aliyelisadiki jina atamnyima maji mwenye kiu, na kumnywesha aliyelala. Dhuluma ya jina huanzia ulimini, ikaishia mkononi.

Mola alimfundisha Adamu majina, hakumpa uwezo wa kuumba vyenye majina. Kwa hiyo kila jina tulitoalo ni ushahidi, na shahidi aliyegundua kuwa amekosea hana njia ya haki ila kurudi barazani akaukanusha usemi wake. Waliokutana Berlin walirudi baada ya miaka 234, na toba haikatazwi kwa kuchelewa.