Zidai Lita Zako

Wewe mwenye Hilux ya miaka ya tisini, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, acha kuinamisha kichwa ukiulizwa gari lako linakula kiasi gani. Umeambiwa limezeeka, uliuze, ukope, ununue jingine. Wanaokushauri hivyo hawatakuwepo siku ya kurejesha mkopo. Injini hiyo iliundwa kwa mizigo na barabara mbovu, na ikitunzwa bado ina safari nyingi za kukulisha. Mafuta yake mengi yanapotelea sehemu chache unazoweza kuzikagua mwenyewe, nyingine bila kutoa hata shilingi.

Bei ya mafuta hatuipangi. EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi tunaipokea kama ilivyo. Lakini ni lita ngapi zinateketea kutoka Ilula hadi Dar es Salaam ukiwa umepakia nyanya, hilo ni lako. Lishike.

Anza kwa kupima, maana asiyepima anabishana na hisia zake. Jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita zilizosomeka, fanya kazi zako kama kawaida, kisha rudi sheli ileile ujaze tena mpaka shingoni. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Kama waya wa spidomita umekatika, ununue. Bila huo utaendesha gizani mwaka mzima. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko zile za kiwandani, jua kwamba dashibodi inakuhesabia pungufu, hivyo linganisha na simu yenye ramani. Sasa piga hesabu: pikapu inayokwenda kilomita 8 kwa lita ikipandishwa hadi 10, kwa mwezi wa kilomita 2,000 unatumia lita 200 badala ya 250. Lita 50! Zidisha kwa bei ya sheli yako, kisha uniambie kama hizo ni pesa za kuachia.

Haya, chukua jeki. Egesha mahali tambarare, weka mawe imara kwenye magurudumu yaliyobaki chini, toa gia, achia handibreki, inua gurudumu moja na ulizungushe kwa mkono. La mbele lizunguke lenyewe kidogo baada ya kuliachia. La nyuma litakuwa zito zaidi kwa sababu linazungusha difu na shafti, lakini lisikwame wala kukwaruza mzunguko mzima. Ukisikia mkwaruzo huo, breki inashika: pistoni imeganda, breki shuu hazirudi, au waya wa handibreki umeota kutu ndani ya ala yake. Njia nyingine ni kusimama baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, ukasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Inayotoa joto kali kuliko wenzake ndiyo inayokuibia. Nimeona wenye magari wakibadilisha pampu ya dizeli kwa gharama kubwa huku gurudumu la nyuma likiwa limekabwa miezi mingi. Ukiwa hapohapo chini, pima upepo asubuhi kabla tairi hazijapata moto, na ufuate kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango. Teke la utingo halipimi upepo.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni themostati. Gereji nyingi huing'oa mara tu gari linapochemsha, kisha mwenye gari anaondoka akishukuru. Ndugu yangu, kile kidude kipo kwa kazi maalumu: kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, nyuzi 80 hivi. Ukikitoa, injini inatembea baridi safari nzima, hasa alfajiri za Iringa na Njombe. Dizeli haiungui vizuri, oili inabaki nzito, silinda zinalika. Tibu ugonjwa wenyewe: zibua rejeta, kagua feni na pampu ya maji, halafu rudisha themostati nzima.

Kisha tazama moshi. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikitoka kwenye ekzosi bila kufanya kazi. Fungua chujio la hewa kwanza. Kwa vumbi letu linaweza kuziba muda mrefu kabla ya sevisi. Likiwa safi na moshi bado upo, peleka nozeli kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, na usimame uone. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba, inakata, inanyamaza. Iliyochoka inadondosha matone.

Yanayobaki yako kwenye mguu wako. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo unaosukumana nao inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na keria tupu juu ya kabini inazidisha. Ukiteremka mlima Kitonga, usiweke nyutro eti unabana mafuta! Ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga eksileta, pampu inakata dizeli. Ukiwa nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki peke yake inabeba mzigo wote hadi inaungua. Gia nzito kwenye mteremko inakulindia mafuta na roho yako pamoja na za wanaopanda.

Sumaku za kufunga kwenye mrija wa mafuta na vidonge vya kutia tangini, waachie wanaoviuza. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo bila kupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Pesa hiyo inatosha geji nzuri ya upepo.

Na kama umeajiri dereva, usimfiche hesabu hii. Kaa naye, mwonyeshe kilomita na lita, mkubaliane kiwango cha lita, kisha kila lita inayookolewa chini ya hapo apate fungu lake siku ya malipo, mkononi, bila kuzungushwa. Dereva mwenye fungu lake ataamka mapema kupima upepo, atateremka Kitonga ndani ya gia hata usipokuwepo, na atakuwa wa kwanza kukuletea habari kwamba gurudumu la nyuma kushoto limeanza kupata moto.