Pande Mbili za Santuri

Mara kwa mara waalimu wa sharika hutuuliza: Je, yafaa Mkristo kuweka nyumbani mwake sahani za santuri zenye nyimbo za dansi za miaka ya 1970? Wengine husema zivunjwe. Wengine husema hazina neno. Kabla ya kujibu, twapenda kueleza jambo lililotupata sisi wenyewe.

Marehemu baba yetu alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mji ule ulisifika kwa bendi zake, kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Huko alinunua gramafoni na sahani kumi na nne. Siku zile nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengenezea sahani. Bendi nyingi zilinaswa sauti katika Radio Tanzania, Dar es Salaam, na sahani zenyewe zilitengenezwa Nairobi. Hata mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, kazi hiyo ikapata taabu kubwa.

Sahani ndogo ina upana wa inchi 7, nayo huzunguka mara 45 kwa dakika moja. Upande mmoja hautoshi kwa wimbo mrefu. Kwa hiyo mara nyingi wimbo uligawanywa sehemu mbili. Katika upande wa kwanza mwimbaji hutoa maneno yake taratibu: ukosefu wa fedha, ugomvi wa mume na mke, kuachwa na rafiki. Ukigeuza sahani, maneno hupungua, magitaa hukaza mwendo, na miguu ya watu huinuka. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, alikuwa fundi wa mambo yote mawili. Gitaa lake liliwachezesha wengi. Lakini wimbo wake mmoja waitwa “Shida,” na jina hilo si la mchezo.

Baba aliporudi kwetu milimani, alipiga sahani zake siku ya arusi ya ndugu yake. Wazee wa usharika walisikia kwa mbali vishindo vya miguu. Wakamwita, wakamtenga na Meza ya Bwana miezi sita. Hakujitetea. Alizitia sahani zake katika gunia, akaliweka uvunguni, wala hakulifungua tena mpaka kufa kwake. Mama hutuambia kwamba hata alipokwisha kurudishwa, alikaa siku zote katika benchi la nyuma.

Baada ya mazishi tulilifungua gunia lile. Tulipozitazama sahani mbele ya dirisha, tuliona kwamba upande wa pili wa karibu kila moja umechakaa na kufifia, maana sindano ilipita humo mara nyingi. Bali upande wa kwanza ungali ukimeta. Basi baba naye aliupenda zaidi upande wa miguu. Wazee hawakukosa kabisa.

Lakini tulimwalika mmoja wao, ambaye sasa ni mkongwe sana, tukampigia upande wa kwanza wa sahani moja. Mwimbaji alimwonya mtu amalizaye mshahara wake katika pombe, na watoto wake wana njaa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akasema, “Mchungaji, maneno haya hatukuyauliza.”

Mithali yatuonya kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu. Wazee walihukumu kwa sauti iliyopenya ukutani. Lakini msikilizaji naye ana hukumu yake. Dawa chungu hutolewa pamoja na asali; mtu akilamba asali na kuitema dawa, asimlaumu mganga. Na sisi tuimbao kanisani, je, ni wangapi kati yetu waipendao sauti ya wimbo, wala hawajui wameahidi nini mbele ya Mungu?

Hatusemi kwamba kila sahani ni njema. Ziko zisifuzo ulevi, na ziko ziwadharauzo wanawake. Kwa hiyo jibu letu ni hili: msizivunje zote, wala msizikubali zote. Sikilizeni kila moja, pande zote mbili, kisha mpime. Na kabla ya kumtenga mtu, kaeni naye, mkamwulize ni nini alichokisikia katika wimbo ule.

Baba yetu hakuulizwa. Hatuwezi tena kumwita kutoka benchi la nyuma aje mbele. Lakini wako wengine waliokaa huko hata leo, nao wangali hai.