Nani anatazama kazi ya fundi?

Kazi ya mukono haina mwisho wa kujifunza, kila fundi anaijua hii. Lakini juu ya nini mutu aliyekwisha kujua kazi yake, na ambaye inamulisha, anaendelea kutafuta kuitengeneza vizuri kupita jana? Wengi watajibu mbio: ni feza na jina. Sisi tunaona jibu hili ni fupi, na katika mila ya Baluba iko mufano unaolisumbua.

Tutazame viti vya wafalme, vile vinavyobebwa na mwanamuke wa kuchongwa. Havikuwa viti vya kupumuzikia. Kiti kilikuwa makao ya roho ya ufalme. Kilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, mara nyingi kikawekwa katika kijiji kingine, na mutu maalum wa kukilinda. Kilitolewa kwa nadra. Kumbe kazi nzuri kupita zote ndiyo watu wachache waliiona! Na fundi hakuandika jina lake juu yake.

Upande wa Buli, kijiji cha karibu na Lualaba, kulitokea mukono wa kuchonga sura ndefu ya mama aliyezeeka: mashavu yameingia ndani, macho yamefunikwa nusu, vidole virefu vinagusa kiti sawa vile vinakisikiliza. Mu miaka ya 1930, mutaalamu Mubeleji Frans Olbrechts alilinganisha vitu vilivyotawanyika katika muze mbalimbali, akatambua kama vinatoka fasi moja. Leo wanahesabu kazi kama 20 za namna ile. Ziko Tervuren, London, New York. Baadaye jina Ngongo ya Chintu lilitajwa. Wataalamu wengine wanasema mafundi walikuwa wawili. Kwetu sisi, hata vile ni sawa: wa pili alichonga akiwa na jicho la wa kwanza mugongoni mwake.

Hatusemi kwamba alifanya bure. Mutu anakula, hata yule anayechongea mizimu. Lakini malipo yanaeleza kwa nini kiti kimechongwa. Hayaelezi kwa nini kimechongwa vile. Tunawaza kwamba fundi alikuwa na mashahidi wachache lakini wagumu: mufalme, wazee, mulinzi wa kiti, na wale waliokufa zamani. Kiti kisichofaa, roho haikikalie, kinabaki muti tu. Mbele ya mashahidi wa vile, mutu hawezi kusema "inatosha" kwa urahisi.

Mwenzetu mumoja alitupinga: fundi wa kweli, alisema, anajifanyia mwenyewe. Hapo tuna mashaka. Mutu peke yake anajisamehe upesi sana. Lile jicho la ndani linalomukataza kulala mapema, zamani lilikuwa jicho la mutu mwingine, la baba, la mwalimu wa kazi, ambaye alikamata kitu, akakigeuza, akakirudisha bila kusema neno.

Turudi hapa Lubumbashi, kwa sahani za shaba zinazogongwa na nyundo. Kijana anaweza kutengeneza majani ya muti moja moja, na mishipa yake, ao akwaruze mistari mitatu: mara nyingi bei ni ile ile. Munuuzi anauliza feza ngapi, anafunga ndani ya gazeti, anaenda. Kiisha miaka mukono wenyewe unajifunza kusimama kwenye musitari wa tatu. Watu wanasema vijana ni wavivu. Lakini nani alimuambia kwamba jani lile lilikufa? Hata shuleni ni vile: kwa mutihani wa Serikali 50% inatosha, na wengi, hata wenye akili nzuri, wanapiga hesabu ya kufika pale na kupumuzika.

Ndiyo sababu tukipeleka wanafunzi kutazama kazi ya shaba, hatuwaulizi kama inapendeza. Tunawauliza: fundi alichoka fasi gani? Wanapata upesi, wananyoosha kidole. Mwanzoni mafundi wanacheka. Halafu mumoja anavuta sahani yake mbele, anasema: "Na hii?"