Utani Usio na Mwenyewe

Wazee wetu waliuheshimu utani kama walivyoiheshimu methali. Mtani aliweza kumchukua kuku wa mtani wake mchana kweupe, au kufanya mzaha hata msibani, na asilaumiwe. Maana utani ulikuwa na mipaka yake, na kila mmoja alijua ni nani anayemtania na kwa haki gani. Leo umezuka utani wa namna nyingine, usafirio kwa intaneti kutoka simu hadi simu, nao hauna kabila wala ukoo. Yafaa tujiulize: utani usio na mwenyewe, nani ataulizwa habari zake?

Tutazame kwanza asili yake. Mwaka 2006 ilianza kuenea katika intaneti picha ya kichwa cha mtoto wa mbwa, nyuma yake pana rangi nyingi kama za upinde wa mvua. Juu ya kichwa paliandikwa mwanzo wa ushauri, na chini yake mwisho wake. Nao ushauri wenyewe ulikuwa wa kipuuzi, wa kumpoteza mwenye kuufuata. Watu wakacheka, kisha wakaiga. Huyu alibadili maneno, yule akabadili mnyama: akatokea mbwamwitu wa kuhimiza ujasiri, akatokea na pengwini asiyejua kukaa na watu. Kilichobaki ni umbo tu. Vitu viigwavyo na kugeuzwa hivyo huitwa mimu, kutokana na neno alilolibuni mwanabiolojia Richard Dawkins katika kitabu chake cha mwaka 1976, alipotaka kueleza jinsi mawazo yanavyoenea kwa watu kuigana.

Kuiga si kosa. Methali zetu nazo hazina mtunzi ajulikanaye. Zimesuguliwa na vinywa vingi hata zikang'aa. Kanga nayo ina mapambo yake na jina lake, na mara nyingi jina hilo ni ushauri au kijembe. Walakini iko tofauti moja kubwa: mwanamke aliyejifunga kanga yenye fumbo yumo ndani ya kanga hiyo. Jirani aliyechomwa aweza kumkuta kisimani akamjibu, kwa neno au kwa kanga nyingine. Mpelekaji wa mimu hayumo ndani yake.

Tena, baada ya sura ya mnyama ilikuja sura ya mtu. Mbwa hajui kwamba anachekwa, binadamu anajua. Mwaka 2007 mama mmoja wa Marekani alimpiga picha mwanawe mchanga ufukoni, amekunja ngumi yenye mchanga. Watu wa mbali waliigeuza picha ile kuwa alama ya ushindi mdogo mdogo. Mwaka 2020 kampeni ya mwanasiasa ikaitumia kuombea michango. Mama akashtaki, na mwaka 2022 baraza la mahakama likaamua kwamba kampeni hiyo imlipe dola 750. Mama yule alikuwa na njia ya kwenda mahakamani. Wengi hawana.

Nami nina langu la kukiri. Siku moja nililetewa picha ya mzee mwenye kofia iliyochakaa, chini yake pameandikwa ushauri wa kijinga juu ya kuoa. Nilicheka, nikawapelekea wenzangu wa ofisini. Kesho yake tarishi wetu alinijia, akaniamkia shikamoo kama ada yake, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Mzee, yule ni baba yangu. Hajui kusoma. Anauliza kwa nini watoto wanamcheka njiani."

Kusema kwamba si mimi niliyeitunga ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kila apelekaye utani amekuwa mwenyewe wake, hata kama hakuutunga. Wako watakaosema kuwa mzaha utasafiri tu, na mkono wa mtu mmoja si kitu. Lakini mzigo uliobebwa na watu mia haukosi wachukuzi, unao mia.

Basi, walimu wenzangu katika malezi, tunapowafundisha vijana methali na mafumbo, tuwape na kipimo hiki. Nawe mwanafunzi, kabla hujapeleka, jiulize: maneno haya, lau yangeandikwa katika nguo yangu, ningethubutu kuyavaa na kupita mbele ya mwenye sura hii?