Furaha ya Mgeni Hulipwa na Nani?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili twalipenda sote. Lakini safari yetu ya bara imetufanya tuulize: katika nyumba yenye karamu, ni nani apaswaye kupona?

Mwezi wa Julai, ambao ni mwezi wa baridi na manyunyu katika miteremko ya Mlima Kenya, tulifika Meru kuwazuru rafiki zetu wa Kihindi. Wazee wao walikuwa wenye maduka, katika wale walioifuata biashara hadi miji hii baada ya Waingereza kuweka boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Hao si Waislamu, wala hawali nyama. Lakini kwa kutuheshimu hawakuweka kileo chochote usiku ule. Tulipewa mahali pa kusali isha, kisha tukaletewa chapati, dengu, wali, achari na chai ya tangawizi. Watu waliimba, wazee wakasimulia khabari za babu zao, watoto wakacheka. Hatuoni haya kusema kuwa tulifurahi. Qurani, katika Sura ya Mumtahina, haikutukataza kuwatendea wema na uadilifu watu wa dini nyingine wasiotupiga vita.

Ilipopita saa sita ya usiku tuliinuka kutafuta maji. Jikoni tulimkuta mpishi, kijana wa Kimeru, amesinzia juu ya kigoda, kichwa amekiegemeza ukutani, na masufuria yamerundikana mbele yake. Akashtuka, akasimama. Tukamwuliza, "Mbona huendi kulala, ndugu?" Akajibu kwa adabu, "Bwana, wageni hawajaondoka." Kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu gizani, na saa kumi na mbili asubuhi yampasa awe amerudi kuwasha moto.

Hakutulaumu, lakini wageni ni sisi. Mwenyeji hakuweza kutuambia tuondoke, kwani adabu ilimzuia. Mpishi hakuweza kumwambia mwenyeji, kwani riziki ilimzuia. Aliyekuwa huru kusema "yatosha" ni mgeni peke yake, naye ndiye aliyenyamaza, kwa kuwa alikuwa akifurahi.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Sura ya Ahzab, aya ya 53, yawafunza walioalikwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) kwamba wakisha kula watawanyike, wala wasikae kwa mazungumzo; kwani hayo yalimuudhi Mtume, naye akiona haya kuwaambia. Ikiwa Mtume aliona haya, mwenyeji wetu atasema nini? Na mpishi wake je?

Atatokea mtu aseme: kijana huyo analipwa mshahara. Twajibu: mshahara hununua kazi, haununui usingizi wa mtu. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na kabla ya sheria hiyo kwa karne nyingi, Mtume wetu alifunza kuwa watumishi ni ndugu zetu, tusiwatwike wasiyoyaweza, na tukiwatwika tuwasaidie.

Mwengine atauliza: basi tusifurahi? La, hatusemi hivyo. Usiku wa pili tulishuka kwa njia ya Chuka hadi Embu, kwa jamaa wa rafiki zetu hao hao. Huko bibi mkubwa wa nyumba aliamuru watumishi wale kwanza, chakula kile kile tulichokila sisi, na ilipofika saa tatu akawapa ruhusa waende zao. Vyombo tulivikosha wenyewe, wageni na wenyeji pamoja, huku mazungumzo yakiendelea. Saa nne na nusu tukaaga. Furaha yetu haikupungua hata chembe. Twaona ilizidi, kwa sababu haikuwa na deni.

Enyi ndugu zetu wa pwani, msicheke mkadhani kuwa twawasema Wahindi wa Meru. Tutazame majumba yetu siku za harusi, na nyakati za usiku katika Ramadhani. Ni wasichana wangapi, watoto wa watu, wasimamao jikoni hadi usiku wa manane, nasi barazani twaitisha kahawa nyingine? Waulizwapo kwa nini hawajalala, jawabu lao ni lile lile la kijana wa Kimeru.

Basi mwenye karamu na awape watumishi wake saa ya kuondoka kabla hajawakaribisha watu. Na mgeni, kabla ya kuitikia kikombe cha mwisho, na aulize ni nani atakayekiosha. Hapo ndipo mgeni atakapokuja, na nyumba nzima ipone. Wabillahi taufiq.